Mwezi Uliomsubiri Mgeni Rasmi

Siku mwezi uliposhuka shuleni, Mwalimu Nyanjige alikuwa amekaa pembeni ya uwanja wa netiboli, anakula muhindi wa kuchoma huku akisahihisha majaribio ya fizikia ya kidato cha nne. Jua lilikuwa linazama upande wa Lamadi. Mpira ulirushwa golini ukakaa hewani muda mrefu kuliko kawaida, na mfungaji akasimama mikono kiunoni akiungoja urudi. Nyanjige alipoinua macho, mwezi ulikuwa umeshatua nyuma ya goli, mkubwa kama lori lililojaa pamba. Wasichana wakasogeza goli mbele kidogo, wakaendelea na mchezo.

Mlinzi wa shule, Mzee Mahona, ndiye aliyeusogelea kwanza. Alivua kofia.

"Mwadila, mayu," aliusalimu kwa kilugha, maana kwao mgeni husalimiwa kwanza, shida yake huulizwa baadaye.

Mzee Mahona akaugonga taratibu kwa fimbo yake, kisha akarudi kwa Nyanjige.

"Madam, ni mwezi," alisema. "Nadhani umechoka kungoja."

Nyanjige alimwelewa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hoi kwa kungoja. Mwaka huo shule yao, iliyo nje kidogo ya mji wa Bariadi, ilikuwa imepata ruzuku kutoka kwa wabia wa Ulaya, ya kuwafundisha vijana sayansi na mambo ya anga. Zilianza kuja fulana zenye picha ya roketi kifuani. Ikafuata semina hotelini, ambako walimu walikula kuku wakajadili sayari mpaka jioni. Mwisho kabisa ikaja darubini yenyewe, ndani ya boksi jeupe. Mkuu wa shule, Mwalimu Mayige, akalifunga utepe mwekundu akaliweka ofisini kwake. Alieleza kwamba kitu cha wafadhili hakifunguliwi hivi hivi kama gunia la mahindi. Lazima kizinduliwe, na wa kuzindua ni mgeni rasmi.

Mgeni rasmi alipangiwa Machi, akapata safari. Akapangiwa Juni, akapata safari nyingine ndefu zaidi. Boksi likazoea ofisi. Juu yake palikaa chupa ya chai na sahani ya karanga, na wageni wa kawaida waliokuja kwa Mkuu waliegemeza viwiko hapo.

Kilichomuuma Nyanjige ni ahadi. Alikuwa amechora mwezi ubaoni kwa chaki, na mashimo yake yote, ndipo msichana mmoja wa kutoka Kimali, Ng'washi, akanyoosha mkono na kuuliza, "Madam, wewe umeshawahi kuuona hivyo?"

Nyanjige hakupenda kuwadanganya watoto. Alisema hajauona. Alisoma fizikia mpaka chuo kikuu kwa picha za vitabuni, na hakuna siku aliyowahi kuweka jicho kwenye darubini. "Lakini ninyi mtauona," aliongeza. "Kabla hamjamaliza hapa, mtauona. Na mimi nitakuwa nyuma yenu kwenye foleni."

Darasa zima lilipiga makofi. Tangu siku hiyo makofi hayo yalimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Mkuu alifika uwanjani na tai yake shingoni. Aliuzunguka mwezi, mikono nyuma, kama mtu anayekagua choo kipya.

"Nani ameuruhusu?" aliuliza.

"Umekuja wenyewe, Mkuu," alijibu Nyanjige. "Si ndio tuliokuwa tunataka kuuangalia? Naomba kesho asubuhi nije na kidato cha nne."

"Mwalimu, fikiria vizuri. Wanafunzi wakishauzoea, mgeni rasmi atakuja kuzindua nini?"

Nyanjige aliumia alipowaona walimu wenzake, waliokuja nyuma ya Mkuu, wakitikisa vichwa kukubali.

Kesho yake liliazimwa turubai la kufunikia pamba, mwezi ukafunikwa wote na kufungwa utepe mwekundu. Mtunza stoo alikuwa ameshauandika ubavuni namba ya mali ya mradi kwa rangi ya mafuta. Palipovuja mwanga kwenye tundu, Mkuu aliagiza kiraka. Mzee Mahona alipewa amri moja tu, kwamba mtu yeyote asiinue turubai. Mwezi haukuonyesha kinyongo. Kuku wa Mkuu waligundua pana ubaridi mzuri pale chini wakahamia huko, na mayai waliyotaga yalichelewa kufika chini, kwa hiyo hayakuvunjika.

Sehemu nyingine, ambako mwezi haukuonekana tena, walidhani ni mawingu. Huko Maswa watu walinunua tochi. Furaha ilikuwa Busega, kwa wavuvi wa dagaa, ambao miaka yote hulazimika kupumzisha taa na nyavu kila mbalamwezi inapotoka. Sasa walikuwa na giza mwezi mzima. Mama Wilhelmina, mfanyabiashara wa dagaa wa Lamadi, alikuja na bodaboda mbili zilizobeba magunia.

"Tumekuja kukushukuru, mwalimu," alimwambia Mkuu. "Na hiyo sherehe yenu, baba, msiikimbize. Mambo mazuri yanataka maandalizi."

Mkuu alikubali kwamba maandalizi ni muhimu. Wanafunzi walianza kula dagaa kila siku, hata Jumapili, na harufu yake ikaingia mpaka kwenye madaftari.

Ikaja Nanenane, mgeni rasmi akawa na Nanenane. Ikaja Oktoba. Nyanjige aliingia ofisini, akasimama mbele ya boksi.

"Mkuu, wanafunzi wangu wanaondoka. Waangalie mara moja tu, halafu tufunge tena. Nitaufunga utepe mimi mwenyewe."

"Sogeza kidogo, Mwalimu, usije ukamwaga chai," alisema Mkuu, kwa upole kabisa. "Tarehe inatafutwa."

Nyanjige alitoka amekunja uso ili asilie. Saa nne asubuhi aliwachukua kidato cha nne wote, akawapanga mstari nyuma ya goli la netiboli. Mzee Mahona akasimama mbele ya turubai.

"Madam, nimeambiwa lisiinuliwe."

"Najua, baba."

Mzee Mahona akafikiri, akiitazama foleni ndefu. "Lakini la mikono sikuambiwa," alisema hatimaye. "Anayepitisha mkono kwa chini hajainua kitu."

Wakapita mmoja mmoja. Kila mmoja alichuchumaa, akasogeza kuku, akaingiza mkono chini ya turubai mpaka begani, akatulia. Ng'washi alikaa muda mrefu kuliko wote.

"Ni wa baridi, madam," alisema, uso ameuelekeza ukutani kwa choo. "Una unga unga. Hapa kuna shimo, halafu ndani ya shimo kuna kashimo kengine. Wewe ulichora moja tu."

"Ongeza kwenye mchoro wako," alisema Nyanjige.

Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Aliingiza mkono, na vidole vilipogusa, machozi yakamtoka mbele ya wanafunzi, na hakujali. Kisha akapangusa unga kwenye sketi, wakarudi darasani kufanya marudio.

Mtihani ulifanyika Novemba. Wabia waliomba picha za vijana wakinufaika na mradi, na Mkuu akawatumia picha ya kidato cha nne wamevaa fulana za roketi mbele ya turubai lenye utepe. Wabia walifurahi mno. Waliidhinisha awamu ya pili, ikaja darubini nyingine, bora zaidi, ikawekwa juu ya ile ya kwanza. Chupa ya chai ikapanda juu kidogo, na Mkuu akatafutiwa kiti kirefu ili aifikie.

Januari, Nyanjige aliingia kwenye kidato cha nne kipya. Alichora mwezi ubaoni, safari hii akaweka na kashimo ndani ya shimo. Mvulana wa dawati la nyuma aliuliza kama ni kweli shule ina darubini, na kama watauona mwezi kabla hawajamaliza.

Nyanjige aliiweka chaki chini. Nje, netiboli ilikuwa inaendelea, na mpira ulikuwa bado haujashuka.

"Mtaugusa," alisema, akawaambia wafungue vitabu.