Majaji Sebuleni

Jumatatu asubuhi mama alikuwa anakaanga mayai huku ameshavaa sare ya kazini, maana basi la wafanyakazi wa kiwanda cha kufulia halina tabia ya kusubiri mtu, mlango ukagongwa. Alifungua akiwa na mwiko mkononi. Nje walisimama watu watatu waliovaa makoti ya buluu yenye nembo ya shirikisho kifuani, kila mmoja na kiti cha kukunja kwapani. Kwanza alidhani ni watu wa mita ya maji.

"Sisi ni majaji," alisema mwanamke mwenye miwani. "Yule binti wa jimnastiki anaishi hapa?"

"Anaishi. Lakini bado amelala."

"Hakuna shida. Tutaanzia hapo."

Mama akawaomba wafute viatu, akawaonyesha chumba, akarudi jikoni kabla mayai hayajaungua.

Binti mwenyewe alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu utotoni watu walimwita Manyoya, kwa jinsi alivyokuwa akitua kwenye zulia bila kishindo. Alikuwa wa pili nchini, na mashindano makuu yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja. Alipofumbua macho aliwaona wamekaa mstari mmoja mbele ya kabati la nguo, kila mmoja ameshika kibao cheusi cha tarakimu nyekundu. Akawaamkia, kwa sababu mmoja wao alikuwa mzee. Mzee akaitikia marahaba, akakohoa. Manyoya akajinyoosha, akakaa kitandani, akatafuta ndala kwa miguu. Vibao vikainuka. Walikuwa wamekata nukta tatu kwa mgongo uliopinda, na nukta moja kwa kupiga miayo.

Huo ndio ukawa utaratibu wa nyumba. Majaji walikaa sebuleni, viti vyao vikiwa vimeegemea ukuta wa dirishani, na walihama navyo kila Manyoya alipohama. Akienda jikoni, nao jikoni. Akienda kuoga walikaa koridoni wakimpa alama kwa kusikiliza maji. Mwanamke mwenye miwani ndiye aliyekuwa msemaji wao. Mzee alikuwa na kikohozi kisichokwisha. Wa tatu, mwanamume mmoja mwembamba, hakusema neno hata siku moja, ila alama zake ndizo zilizokuwa za chini kuliko zote.

Siku ya kwanza mama aliwapakulia chakula. Hawakukigusa.

"Haturuhusiwi kupokea kitu kutoka kwa mshindani," alisema mwenye miwani. "Wala kwa familia."

"Yaani wali wangu ni rushwa?"

"Hatukusema hivyo, mama. Tunashukuru."

Walifungua vikopo vyao vya plastiki, wakala walichokuja nacho, wakaosha vijiko vyao wenyewe. Mama alikaa na kinyongo siku mbili. Siku ya tatu akawapa mito ya kukalia, kwa sababu alishindwa kuwatazama wakihangaika na vile viti vya chuma, na mito haikuhesabika kuwa chakula.

Kocha aliposikia alikuja mbio, bado ana chaki viganjani. Akapeana mikono na majaji, akamvuta Manyoya pembeni.

"Wenzako wanawatafuta hawa kwa tochi, wewe wamekuja wenyewe mpaka kitandani. Sasa ukichezea bahati hii, usije kunililia."

"Kocha, hata nikitafuna wananikata."

"Basi tafuna vizuri."

Hakuwa anatania. Kuanzia hapo, baada ya mazoezi ya ukumbini, kocha alihamia kwao mpaka jioni. Alimfundisha kutafuna kwa mdomo uliofungwa na kidevu kilichonyooka, kushika kikombe, kugeuka anapoitwa. Kicheko cha Manyoya kilikuwa kinaanzia tumboni na kuishia kwenye mkoromo mdogo puani, na ule mkoromo ulikuwa unakatwa nukta tano kila unapotoka. Walikifanyia kazi kicheko kile wiki nzima. Mwishowe akawa anacheka kifupi, safi, bila sauti ya pua, na alama zikapanda. Mama alipiga makofi. Baadaye, alipokuwa anakunja mashuka, mama aligundua kwamba na yeye anayakunja kwa pembe kali zaidi akiwa mbele ya majaji. Hawakumpa alama yoyote. Ilimuuma kidogo.

Siku moja Manyoya aliwafukuza. Aliingia kutoka mazoezini, akavua begi, akasimama mbele yao.

"Naomba mtoke nyumbani kwetu."

Walitazamana. Vibao vikainuka. Alama ilikuwa nzuri kiasi, ila walikata kwa sauti iliyotetemeka mwishoni. Mama akatokeza kichwa kutoka jikoni, akaona tarakimu.

"Si mbaya," alisema. "Nenda kaoge, mwanangu."

Wiki mbili kabla ya mashindano mguu wake wa kushoto ulianza kumsumbua. Ulikuwa ni mfupa mdogo wa juu ya unyayo, na maumivu yalikuja kila alipotua kutoka kwenye mapinduko ya mwisho. Alimwambia kocha.

"Unauma au unawasha?"

"Unauma."

"Kila mtu anaumwa wiki hizi. Jikaze kisabuni, tutauangalia tukirudi."

Akajikaza. Akawa anatua akiegemea kulia, na kulia nako kukaanza kulalamika. Siku ya Ijumaa hakuweza kuvaa kiatu. Kocha akampigia simu daktari wa timu, naye akaja nyumbani na begi lake na picha ya eksirei waliyokuwa wamempiga asubuhi hiyo. Aliibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni ili mwanga upite. Kwa sababu dirisha lilikuwa nyuma ya viti vya majaji, wote watatu waligeuka kutazama. Mstari mweusi ulionekana wazi, mwembamba kama unywele, umekata mfupa kutoka upande mmoja karibu ufike wa pili.

Manyoya aliwatazama majaji badala ya picha. Kitu kilimwinuka kifuani ambacho hakuwa nacho kwa muda mrefu. Aliwaza kwamba sasa wameona. Watu wa shirikisho wenyewe, wenye nembo kifuani, wameona kwa macho yao, na kitu kilichoonwa na majaji watatu kwa pamoja hakiwezi kuachwa hivi hivi.

"Akiutulia mara nyingi, utaachana," alisema daktari.

"Atautulia mara tatu tu," alisema kocha. "Boriti mara moja, zulia mara mbili."

Daktari akaitoa ile picha dirishani, akaikunja, akaisukumiza ndani kabisa ya begi.

"Mimi leo sikuja hapa," alisema, akatoa sindano ya ganzi. "Hii ni ya kujaribu. Ikikubali, siku yenyewe tunarudia."

Mzee wa kikohozi alishusha kibao magotini. Akasafisha koo. Chumba kizima kikamgeukia, hata kocha.

"Naomba mtufungulie dirisha," alisema mzee. "Kuna joto."

Mama akafungua. Daktari akapiga magoti, akamshika Manyoya kisigino, akaichoma sindano katikati ya uvimbe na kuisukuma taratibu mpaka mwisho. Manyoya hakukunja uso. Mabega yalikuwa yamenyooka, kidevu juu, mikono imetulia mapajani, kama alivyofundishwa. Vibao vitatu vikainuka kwa pamoja. Ilikuwa alama ya juu kuliko zote tangu waingie nyumba ile. Hata ya mwembamba haikupungua.

Mikono ya mama ilikuwa imeshainuka kupiga makofi. Akaiona, akaificha makwapani.

Mashindano yalifanyika katika mji mwingine. Majaji walisafiri nao basi moja, wakakaa kiti cha nyuma yake. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Manyoya alikuta kila msichana amekuja na watatu wake. Viti vya kukunja vilikuwa vimejaa mpaka mlangoni, na watu wa usafi walikuwa wanavipangua ili wapige deki. Binti mmoja, mdogo kuliko wote, alikuwa anafunga bandeji vifundoni huku majaji wake wakimtazama vidole.

"Wa kwenu wana muda gani?" Manyoya alimuuliza.

"Tangu nikiwa na miaka tisa. Wa kwenu wanakoroma?"

"Mmoja anakohoa."

"Afadhali."

Kengele ilipolia, majaji wote walikunja viti wakaenda ukumbini kukaa nyuma ya meza ndefu. Daktari alimdunga Manyoya nyuma ya pazia.

Kwenye boriti alienda vizuri sana. Boriti ni pana kama kiganja, na yeye aliipita kama mtu anayepita sebuleni kwao. Majaji wake walishamwona akipita sebuleni mara nyingi, wakampa alama nzuri. Kwenye zulia alianza akiongoza. Mapinduko ya kwanza alitua palepale. Ya mwisho alipaa juu, akajizungusha, akashuka, na mguu wa kushoto ukagusa zulia kwanza. Hakusikia maumivu, kwa sababu ya ganzi. Alisikia mlio, kama mtu aliyekanyaga kijiti kikavu. Goti likaenda chini, mguu mmoja ukatoka nje ya mstari. Akasimama. Sheria inataka mshindani asimame wima na kuinua mikono miwili kuelekea mezani, naye akainua, akatabasamu lile tabasamu safi, mpaka vibao vilipoinuka.

Akawa wa nne. Wanaokwenda mbele ni watatu.

Walimkalisha koridoni, mguu ndani ya ndoo ya barafu. Kocha alikuwa anaongea na simu huku amempa mgongo. Mwanamke mwenye miwani alipita kuchota maji ya kunywa kwenye mtungi wa pale ukutani, akanywa, akasimama kidogo.

"Mliuona mguu," Manyoya alimwambia.

"Tuliuona."

"Mlikuwepo siku ya sindano."

"Tulikuwepo. Ulitulia vizuri sana siku ile. Bado tunaikumbuka."

"Sasa mbona hamkusema?"

Yule mwanamke alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti. Hakuwa amekasirika. Alijibu kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Meza yetu sisi ni ya kutua. Kuna meza ya ugumu, na kuna meza ya muda. Meza ya mguu hakuna."

"Haipo kabisa?"

"Haijawahi kuwepo. Ila goti lile kwa kawaida ni nukta tano. Sisi tumekukata tatu." Akavaa miwani. "Mzee ndiye aliyeomba."

Manyoya akasema asante. Baadaye, kila alipoikumbuka ile asante, ilimchoma kuliko mguu.

Kesho yake walimpeleka hospitali ya wilaya. Mama aliomba ruhusa kazini akaja naye. Fundi wa plasta alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mwenye madoa meupe mpaka kwenye nyusi. Aliwaomba watu watatu waliokaa mlangoni wasogeze viti ili kitoroli kipite, nao wakasogeza.

"Hawa ni ndugu zako?" aliuliza huku akilowesha bandeji.

"Wanakaa kwetu."

"Haya. Na mguu ulivunjikaje?"

Manyoya akamweleza yote, tangu ile Ijumaa: picha iliyobandikwa dirishani, sindano, mlio. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza. Fundi alikuwa anazungusha bandeji taratibu, anaitikia mm, mm. Alipomaliza alilainisha plasta kwa kiganja.

"Pole sana, binti," alisema. "Miezi mitatu. Kocha wako anajua?"

"Kocha kasema wiki saba."

"Basi mtaelewana wenyewe."

Akamletea magongo mawili, akayarekebisha urefu, akamsimamisha.

"Magongo kwanza, halafu mguu mzima. Usitazame chini. Nenda mpaka mlango ule, urudi."

Koridoni kulikuwa na wagonjwa kwenye mabenchi, wakavuta miguu yao kumpisha. Majaji walikuwa wameshahamisha viti hadi mwisho wa koridoni, mahali wanapoona vizuri. Manyoya akaweka magongo mbele, akajisukuma. Hatua ya kwanza iliyumba. Ya pili ikakaa. Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, kwapa zikimchoma, na alipofika alisimama wima bila kuambiwa.

Vibao vikainuka. Mama akanyoosha shingo. Fundi wa plasta, ndoo yake mkononi, naye akageuka kutazama ni ngapi.