Fundo la Mzigo

Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Ndiyo maana kwetu, tunakofua mashuka ya mahoteli, kila mkunjaji ana mwenzake: mnashika pembe, mnavuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mwenzangu ni Kasuku, mama mtu mzima, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Asipokuja mmoja, mwingine hubaki kama kiatu cha mguu mmoja.

Asubuhi ile Kasuku alikuwa kimya. Mimi nilikuwa nimechelewa tena, na shuka lilikuwa likiniponyoka kila mara. Msimamizi alipita akasema shuka likianguka hufuliwa upya, na anayeliangusha naye huenda akahitaji kufuliwa. Watu wakacheka. Alipoondoka, Kasuku akaniambia bila kunitazama:

"Nenda kwa mshauri. Leo yupo."

Mshauri wa wafanyakazi huja mara moja kwa wiki, na hukaa kwenye chumba cha kushonea mashuka yaliyochanika. Tunamwita Mama Leso, maana inasemekana hakuna anayetoka kwake na macho makavu. Wengi humkwepa. Mlango wake unatazamana na meza ya kukunjia. Ukiingia tu, kabla hujakaa, habari zako zimeshafika kwenye mashine za kukaushia.

Nilimkuta amevua viatu chini ya meza, anakunywa chai iliyopoa. Aliniuliza habari za nyumbani, nami nikaanza na yale mepesi: mume wangu ni dereva wa malori, hurudi akirudi, binti yangu anashinda kwa jirani, mama mkwe anasahausahau kidogo, lakini hajambo.

"Ukija kazini, mkweo anabaki na nani?"

"Na Mungu," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Alingoja tu, na kungoja kwake kukanishinda.

Nilimweleza kwamba mama mkwe alishawahi kufungua gesi ya jiko akaiacha hivyo, na siku nyingine alikutwa barabara kuu, katikati ya magari, akimtafuta mumewe aliyekufa kabla sijaolewa. Jirani alikubali mtoto, mzee akamkataa. Mtoto akilia utambeba, alisema, mtu mzima utamfanya nini? Wifi yangu naye alinijibu kwenye simu kwamba mama yao hapelekwi kwa watu baki, kisha akasema ana wageni, akakata. Basi nikachukua kitambaa cha shuka lililochakaa, maana hayo tunaruhusiwa kwenda nayo nyumbani tukafutie sakafu, nikawa namfunga mkono kwenye mguu wa kitanda. Kwa ulegevu. Maji karibu, chakula karibu.

Lakini jana nilikuwa na haraka, na mikono yangu ikafunga inavyojua yenyewe. Ikafunga fundo la mzigo, lile tunalofungia mashuka machafu. Fundo lile ukilivuta linakaza. Naye alivuta kutwa. Niliporudi nilikuta kiganja kimevimba, kimebadilika rangi, na yeye ananiomba msamaha.

Ananiomba msamaha mimi.

"Sasa sema utakalosema," nikamwambia mshauri. "Ila kazi msininyang'anye. Bila kazi hii mzee na mtoto wote wawili watalala njaa."

Mama Leso akavaa viatu vyake taratibu. "Kazi yako siigusi, na msimamizi hatasikia kwangu. Lakini mkono ule daktari auone leo. Na kumfunga kumekwisha leo. Hilo sikuombi, mwanangu, nakuambia."

Akapiga simu pale pale. Nyuma ya zahanati kuna kituo ambako wazee hushinda mchana na kurudi kwao jioni, na nafasi ipo. Tatizo ni kwamba kinafunguliwa wakati mimi nimeshaanza kazi. Ningehamia zamu ya mchana, na mume wa jirani, ambaye jioni huwa nyumbani, akakubali kumpokea mzee akirudi, yote yangewezekana. Lakini kwetu hahamishwi mtu mmoja, huhamishwa jozi. Mshauri angeweza kuzungumza na ofisi. Kwa Kasuku, alisema, niende mwenyewe.

Nilirudi mezani nikashika pembe zangu. Nilijua zamu ya asubuhi ndiyo inayomwezesha kuwahi wajukuu wakitoka shule. Nikamweleza hata hivyo, yote, mpaka fundo. Tukakutana katikati, vidole vyetu vikagusana, na safari hii hakuachia.

"Siku zote hizi unabeba vitambaa virefu, vifupi unaviacha," akasema. "Vya kufutia sakafu haviwi virefu. Nikajua. Na mdomo wangu wote huu, nikanyamaza."

Nikamuuliza kama atahamia nami zamu ya mchana.

"Tujaribu," akasema. "Wajukuu wana mama yao, naye ajifunze kuwahi. Ikinishinda nitakuambia, usinichukie."

Daktari alisema mkono utapona. Wifi alituma ujumbe kwamba tumemwaibisha.

Asubuhi ya kwanza ya zamu mpya nilimvalisha mama mkwe gauni lake la maua. Nilipomaliza kumfunga viatu, alinyoosha mkono ule wenye alama, akaugeuza kidogo ili nipate vizuri pa kufungia, akatazama pembeni.

Kitambaa nilikuwa nimeshakitupa. Nikakishika kiganja chake, kwa ulegevu, tukatoka hivyo hadi kituoni. Njia nzima hakuvuta.