Kontena Mbele ya Lango la Babu

Babu yake alikuwa mpiga kengele wa shule, na hata wenye saa zao mkononi walizirekebisha kwa kengele yake. Baba yake alikuwa karani wa mahakama, wala haikusikika hata siku moja kwamba hakimu alimsubiri. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu, na sasa, akiwa mstaafu mwenye wajukuu, alikuwa mjumbe wa Kamati ya Mtaa akiwakilisha wakazi wa barabara yake. Watu walimwita Babu Saa, naye hakuona kosa lolote katika jina hilo.

Kanuni ya mlango ilikuwa yake. Alipoingia katika kamati aliwakuta wajumbe wakihudhuria kikao kama watu waliokwenda kumjulia hali mgonjwa: huyu anaingia, yule anaaga, wa tatu anauliza wamefika wapi. Alisimama akapendekeza kwamba mwenyekiti akishatamka kuwa kikao kimefunguliwa, mlango ufungwe kwa komeo, na aliye nje asiseme wala asipige kura, awe nani awaye. Pendekezo likapita. Siku hiyo alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo mkewe hakuelezwa sababu yake.

Desturi ya pili haikuwa yake, nayo haikuandikwa popote. Jambo lolote ambalo hakuna aliyelitaka, kamati ilimpa asiyekuwepo. Ndivyo muuza dawa alivyojikuta mtunza funguo za choo cha soko, kwa sababu alikwenda harusini. Ndivyo kinyozi, ambaye hapendi mpira, alivyokuwa mlezi wa timu ya mpira, kwa sababu jino lilimuuma. Babu Saa aliiona desturi hiyo kuwa ya kihuni. Hata hivyo hakuipinga kwa nguvu, maana yeye hakuwa amekosa kikao hata kimoja.

Ikaja siku ya kujadili kontena. Halmashauri ilikuwa imetoa kontena kubwa la taka, na kamati ilitakiwa kuamua likae wapi: kando ya ukuta wa kinyozi, au mbele ya lango la Babu Saa. Mbele ya lango hilo palikuwa na benchi la saruji alilolijenga baba yake, yule karani, na hapo ndipo Babu Saa alipokaa kila jioni kupokea shikamoo za mtaa mzima. Kupokea shikamoo kando ya kontena la taka lilikuwa jambo asilotaka hata kulifikiria. Alikuwa amezipanga hoja zake kichwani, ya kwanza hadi ya mwisho.

Alifika mapema. Ndani alimkuta mjukuu wake akipanga viti. Binti huyo alikuwa fundi umeme, na ni babu mwenyewe aliyemsukuma agombee nafasi ya vijana; sasa alikuwa katibu wa kamati, na babu alipopita mbele ya watu alitembea kama aliyeshonewa koti jipya.

Hapo ndipo alipoliona tangazo. Lilisema wakazi wote wanakaribishwa kusikiliza na kutoa maoni. Lilikuwa limebandikwa ndani ya chumba, nyuma ya mlango.

"Nani amelibandika hapa?"

"Mwenyekiti," alijibu mjukuu. "Alisema huko nje litanyeshewa."

"Anayeitwa atalisoma akiwa ameshaingia?"

Akalibandua, akatoka nalo hadi kwenye nguzo iliyokuwa kando ya barabara. Lilikaa upande, akalibandua tena. Mshona viatu aliyekuwa karibu akainua kichwa.

"Mwalimu, hiyo kamati si yenu wenyewe wakubwa?"

Swali hilo lilimuudhi Babu Saa, na alipoudhika alifundisha. Akaeleza maana ya mkazi, maana ya mjumbe na tofauti kati ya kuwakilishwa na kusahauliwa. Mwanamke mwenye ndoo akasimama kusikiliza. Wakaongezeka wengine. Alikuwa amefika kwenye wajibu wa mwananchi aliposikia, kupitia dirishani, sauti nzito ya mwenyekiti ikisema kikao kimefunguliwa, kisha komeo likalia.

Akaenda dirishani, akapitisha mkono kati ya nondo na kuuinua juu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema mjukuu, "dirishani kuna mkono."

"Nauona. Wa nani?"

"Wa babu yangu."

"Kanuni inasemaje, Katibu?"

"Aliye nje hasemi wala hapigi kura, awe nani awaye."

"Basi uandike kwamba mkono umeonekana."

Nje, mshona viatu alimsogelea. "Mzee, si upige kelele tu?"

"Kanuni hairuhusu."

"Kanuni ya nani?"

"Yangu."

Mshona viatu akamtazama, akautazama mlango, akarudi kwenye viatu vyake.

Ndani, kinyozi hakupoteza muda. "Mimi napendekeza liende kwa Babu Saa. Hayupo." Watu wakacheka. Muuza dawa, aliyezikumbuka funguo za choo, akaunga mkono kwa moyo wote. Wengine wakaona aibu, wakachagua ukuta wa kinyozi. Kura zikalingana, ikabaki ya katibu.

Binti hakuharakisha. Alimuuliza mwenyekiti, ambaye zamani alikuwa dereva wa lori, kama gari la taka linaweza kugeuza pale kwa kinyozi. Mwenyekiti akasema haliwezi. Litarudi kinyumenyume kwenye kichochoro wanachopita watoto wa shule.

"Basi kura yangu ni mbele ya lango la babu," alisema. "Na iandikwe kwamba si kwa sababu hayupo."

Dirishani, mkono ulishuka taratibu.

Jioni ile babu, mkewe na mjukuu walikula pamoja.

"Ulinitazama ukafunga mlango," alisema babu.

"Nilikutazama. Ulikuwa unahutubia."

"Ningekuwa ndani, ungepiga kura gani?"

"Ileile. Ila ningekusikiliza kwanza. Hoja yako ilikuwa nini, babu?"

Babu Saa akaweka kijiko chini. "Benchi lile lilijengwa na baba yangu."

"Na gari ligeuzie wapi?"

Alizipitia hoja zake zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Hakukuwa na gari hata katika moja.

"Mwalimu, kula," alisema mkewe. "Chakula hakina komeo."

Kontena likaletwa. Babu Saa hakulihamisha benchi, wala yeye mwenyewe hakuhama. Kila jioni mtaa ulimjia na ndoo zake, ukatoa shikamoo na kumwaga taka. Naye aliitikia marahaba, akamwelekeza aliyemwaga pembeni, na kumwambia kila mmoja siku ya kikao kijacho. Shikamoo alizopokea zilikuwa nyingi kuliko za zamani, ingawa nyingine zilitolewa kwa pua iliyozibwa.

Kikao kilichofuata kilijaa hadi viti vikaazimwa. Babu Saa akaomba mambo mawili: mlango usifungwe tena mbele ya wakazi, na mzigo usitwikwe mtu kwa kuwa hayupo. Yote mawili yakapita. Kinyozi, aliyekuwa na haya kidogo, akamuuliza kama angependa pia suala la kontena lifunguliwe upya.

"Halimo katika ajenda," alisema Babu Saa, kisha akamgeukia mjukuu wake. "Katibu, endelea."

Nanyi vijana, mnaolalamikia vibarazani mambo yaliyoamuliwa mkiwa mmekaa vibarazani, sikieni. Nendeni kikaoni. Wahini. Na mkishaingia, tazameni nyuma ya mlango muone tangazo limebandikwa wapi.