Tumbo la Uani

Siku mume wangu alipofariki, mwali wa jiko ulikuwa wa buluu. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimebandika maji yake ya kuoga simu ilipoita. Moyo ulimsimama akiwa kazini.

Gesi ile aliitengeneza mwenyewe. Alizika tangi uani, akawa analilisha ndoo moja ya makombo kila asubuhi: maganda, ukoko, masalia ya hoteli ya jirani. Yalioza humo bila hewa, gesi ikapanda bombani hadi jikoni, na tope lililotoka upande wa pili akalimwagia mboga. Mdogo wake hakukosa la kusema.

"Kaka, chai hii imechemka kwa ushuzi wa nani?"

"Wa tumbo la uani. Nalo halina pupa kama lako. Ndoo moja, basi."

Msibani chakula kilibaki sufuria kwa sufuria. Nikamsikia shemeji akisema, "Kaka hakupenda kitu kitupwe." Yeye na vijana wakabeba, wakamimina vyote kwenye tangi: wali, mafuta, ndimu, hata maji ya sabuni ya kuoshea vyombo. Niliwaona dirishani. Nilijua tangi halitastahimili. Lakini nilikuwa nimekaa mkekani, wanawake wamenishika mikono huku na huku, nisiweze kuinuka.

Siku ya nne mwali ukawa wa njano. Siku ya saba niliwasha kiberiti kikaisha bila jiko kushika, kikaniunguza kidole. Tangi lilinuka kama siki. Nikatia majivu ya kupunguza uchachu, kama nilivyomwona marehemu akifanya, nikalinyima chakula wiki tatu. Kila asubuhi nilifungua koki, nikasikiliza.

Fundi aliyemsaidia kulizika alikuja, akainua kifuniko, akakirudisha.

"Limevimbiwa, mama. Vijidudu vinavyotoa gesi vyote vimekufa. Tulikombe, tutie kinyesi kipya cha ng'ombe, lianze upya."

"Na hiki kilichomo?"

"Hiki ni kile alichokianza marehemu. Miaka tisa amekilea. Ni cha kumwaga."

Nikamwambia aache.

Jioni shemeji alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shemeji, nilidhani natenda jema."

"Najua. Kaa."

Nikampa chai. Aliinywa yote, na hakuuliza imechemka kwa ushuzi wa nani.

Siku hizi napikia mkaa. Makombo yanachukuliwa na gari la taka, Jumanne na Ijumaa.