Sindano ya Nana

Muuguzi Afriyie alikuwa akikunja bandeji katika kituo cha afya aliposikia mtu akikohoa mlangoni. Alikuwa mzee asiyemfahamu, kitambaa kizito begani, mkononi fimbo yenye kichwa cha dhahabu. Akaketi bila kukaribishwa, akaweka mezani kichupa cha dawa na cheti cha daktari wa wilaya, kisha akafunua bega.

"Choma."

Afriyie akasoma cheti. "Hapa pameandikwa Nana Twumasi, chifu. Wewe ni nani, baba?"

"Boadu, okyeame wake. Neno liendalo kwa Nana hupitia kwangu, na litokalo kwake vilevile. Hata sindano itapita."

"Sindano haina adabu hiyo, baba. Itaishia kwako. Mimi naruhusiwa kumpa dawa aliyeandikiwa, tena kama ilivyoandikwa. Nikikuchoma wewe, wananivua sare."

"Basi nipe bomba, mpishi wake atamchoma."

"Mpishi achome nyama."

Mzee alitaka kucheka, uso ukakataa. "Mguu wake umeanza kunuka, binti. Anasema heri akatwe kuliko kuchomwa."

Afriyie alikwisha kubeba mkoba.

Katika ikulu yake, Nana alikuwa amelala kitandani, jitu la mtu, mguu umevimba. Afriyie akavua viatu. Angeweza kumgusa, lakini kusema naye moja kwa moja ilikuwa mwiko.

"Okyeame, mwambie Nana alegeze kitambaa, ageuke."

Boadu akarudia, kwa maneno mazuri zaidi.

"Okyeame," Nana akanguruma, "mwambie binti bega linatosha."

"Okyeame, mwambie Nana daktari kaandika kalio. Sina mamlaka ya kulihamisha."

Boadu akatazama dari. "Nana, lile eneo la heshima kuu ndilo lililotajwa."

Nana akageuka. Sindano ikaingia. Yowe lililomtoka halikupitia kwa okyeame yeyote. Kuku wa uani walikimbia.

Nana, machozi yakimlenga, akamshika Afriyie mkono na kumwambia mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hili lisitoke humu."

"Halitatoka, Nana. Nakuahidi. Na kesho nitakuja tena."

Uani akina mama walikuwa wamesimama na michi mikononi. "Nani kapiga yowe?"

Okyeame hakukosa neno. "Muuguzi. Kaona mjusi."

Wakaangua kicheko. Afriyie akavaa viatu, akaondoka.

Siku iliyofuata alipita sokoni akienda kwa Nana. Wauza nyanya walimwita Sista Mjusi. Mama mmoja aliyekuwa amezoea kumletea mwanawe kwa chanjo alimvuta mtoto upande. "Anaogopa mjusi, huyo mkono wake hautatetemeka?" Hilo lilimchoma Afriyie kuliko mengine yote.

Dada Pokuaa, anayeuza kenkey na samaki, akamfungia chakula chake polepole. "Niambie mimi tu, sista. Ni kweli lile yowe lilikuwa lako? Watu wanasema lilikuwa nene."

Afriyie alitazama upande wa ikulu, ambako mguu ulikuwa ukimngoja.

"Dada," akasema, akipokea kenkey, "hukumwona mjusi mwenyewe."