Lebo Moja

Gichovi alisimamisha baiskeli ya hospitali chini ya mgunga, akafungua mkoba na kulimwagia maji gunia lililofunika chupa. Ilikuwa mara ya tatu tangu atoke Embu asubuhi, na kila alivyoteremka kuelekea Ishiara ndivyo joto lilivyozidi. Mkobani mlikuwa na chupa ya kahawia yenye dawa ya maji, na mkebe wa unga wa rangi ya waridi. Vikichanganywa, hugeuka ufizi mgumu wa kushikilia meno ya bandia. Kwa miaka sita ya ufundi alikuwa ameshika kanuni mbili: dawa ikae kivulini, penye baridi, na unga usiiguse hadi dakika ya kazi. La sivyo itaganda yenyewe mle chupani, na ikiganda nyingi kwa pamoja hupata moto hadi chupa ipasuke.

Meno yenyewe yalikuwa ya Chifu Njuki. Aliyavunja kwa mfupa wa mbuzi, na katika siku zile za Hatari, serikali ikipigana na waasi wa msituni, hakuthubutu kuacha kambi yake aende hospitali. Basi fundi akatumwa kwake.

Kwenye kizuizi cha barabarani, hatua chache kutoka kambini, alisimamishwa na homgadi, askari mlinzi wa serikali, aitwaye Nyamu.

"Hii nini?"

"Ni dawa ya kutengeneza meno, afande. Meno ya chifu. Barua ya hospitali ndiyo hii."

Nyamu alinusa chupa, akarudisha kichwa nyuma haraka. "Hii si ya meno. Itangoja Bwana DO, na wewe utangoja nayo."

Amri ya Bwana DO, mzungu aliyesimamia tarafa, ilikuwa kwamba kila kitu kilichokamatwa kifungwe lebo. Nyamu alijipekua mifukoni, akapata moja tu. Akaigeuzageuza. Kisha akafungua mkebe na kuanza kumimina unga ndani ya chupa.

"Afande, hapana! Tafadhali, usichanganye!"

"Lebo ni moja, kwa hivyo kitu ni kimoja."

Alikoroga kwa kijiti, akapiga kizibo kwa kiganja, akafunga lebo shingoni mwa chupa. Akaiweka juu ya pipa, juani, mahali ambapo Bwana DO angeiona bila kuulizia. Gichovi akakalishwa chini, mikono kichwani.

Hakuogopa kuungua. Aliogopa kuitwa mtu wa bomu. Mwaka ule watu walikuwa wananyongwa kwa kupatikana na risasi moja tu. Chupa ikipasuka hapo, nani angekubali kwamba ulikuwa ufizi wa chifu? Akilini alimwona mkewe, Igoki, akisomewa habari hiyo na karani asiyemtazama usoni.

"Afande, naomba uiweke kwa maji tu. Ama kivulini."

"Unanipa order?"

"Hapana, afande. Naomba."

"Omba kanisani."

Adhuhuri ikapita. Gichovi hakuondoa macho kwenye pipa. Ilipofika saa nane, viputo vilivyokuwa vikipanda chupani vilisimama, kama katika uji uliokwisha kuwa mzito. Muda mfupi baadaye kizibo kikainuka kidogo. Nyamu alikwenda kukibonyeza, akauvuta mkono haraka.

"Inachoma! Wewe, umeweka nini hapa?" Akainua bunduki.

Wakati huo mama mmoja, Mukami, aliyekuwa kwenye kazi ya lazima ya kuwachotea askari maji, alikuwa anatua debe lake lililojaa. Gichovi aliinuka.

"Kaa chini! Nitakupiga!"

Hakukaa. Aliishika chupa kwa pindo la shati, ikamchoma hata hivyo, akaizamisha ndani ya debe. Kioo kikalia, kikapasuka chini ya maji. Hakuna kilichoruka. Kitako cha bunduki kikamwangukia mgongoni.

"Nyamu, mwanangu, mwache!" Mukami alilia. "Si amekuokoa!"

Bwana DO alifika saa kumi. Alisoma barua, akatazama ndani ya debe. Mlikuwa na vipande vya kioo na jiwe la waridi lenye umbo la chupa, lebo ikiwa bado shingoni.

"Barua nasema chupa moja ya maji, mkebe moja ya unga. Maji iko wapi?"

"Ndiyo hayo, Bwana. Yameganda."

"Maji hapana ganda kwa jua. Wewe napeleka dawa kwa watu ya msitu."

Gichovi alimtazama Nyamu. Nyamu alitazama buti zake.

Chifu Njuki akaitwa. Alikuja ameziba mdomo kwa mkono.

"Chifu, wewe najua mtu hii?"

Chifu alilitazama lile jiwe, kisha mkebe mtupu.

"Nilikuwa nangoja mtu wa meno," alisema. "Meno hayakufika."

Askari wakamfunga Gichovi mikono, wakampandisha nyuma ya lori lisilo na turubai. Mabati ya sakafu yalimchoma hadi akakosa pa kukalia. Bwana DO alimkabidhi dereva lile jiwe.

"Hii ushahidi. Weka kwa kivuli. Jua taharibu."

Dereva akaliokota gunia la Gichovi, akalilowesha upya, akalifunga jiwe humo vizuri, na kuliweka chini ya kiti chake.