Mkanda wa Sendofu ya Gloria

Bariadi nzima ilikuwa imebaki na deki moja ya video inayoweza kumeza mkanda bila kuutafuna, na deki hiyo ilikuwa kwa Amoni. Alijigamba nayo kama mfugaji mwenye dume la mbegu. Watu walimletea mikanda ya ubatizo, ya harusi na ya misiba, iliyolala chini ya vitanda mpaka mende wakaihesabu kuwa mali yao, naye akaihamishia kwenye sidii au flashi, kisha akaipamba.

Kupamba ndiko kulikompa jina. Mikanda ya zamani ina kelele nyingi: upepo, jenereta, mtoto analia, mtu anakohoa karibu na maiki. Amoni alifuta kelele zote hizo, akalaza nyimbo za kwaya juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na pale bibi harusi anapotokea akamwaga maua mekundu kutoka kila pembe. Wateja walifurahi. Mzee mmoja tu wa Lalago ndiye aliyewahi kuuliza kwa nini maua yanaanguka hata kwenye mazishi ya shemeji yake. Amoni akamjibu, "Mzee, huyo alipendwa." Mzee akaridhika, akaagiza na nakala.

Kwa hiyo dada Gloria alipotoka Lamadi na mkanda wa sendofu yake, ile sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi, Amoni hakuona kazi ngeni. Gloria aliuza sangara wa kukaanga pale barabarani magari yanaposimama. Mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu.

"Uitengeneze ipendeze," alisema. "Mama yangu anaililia siku nyingi. Deki yetu ilikufa zamani."

"Na mkanda wenyewe nikurudishie?"

"Wa nini tena? Tupa. Nyumba imejaa."

Amoni akauweka mkanda kwenye deki, akaanza kucheka peke yake kama mwehu. Humo ndani kulikuwa na kijana mrefu, kaka wa bibi harusi, aliyekamata maiki akakataa kuiachia. MC aliyekodiwa akakata tamaa, akaenda kula pilau. Kijana akamtania bwana harusi, akawatania wakwe, akawaambia wageni wa Mwanza wasiogope ugali wa Lamadi, hauna meno. Kichekesho hicho cha ugali Amoni alikiiba, akakiigiza stendi jioni ile, kama alivyozoea kuigiza sauti za watu, wakashika mbavu. Kisha akarudi studio, akaifuta sauti kwa sababu ilikwaruza, akalaza kwaya. Faili la mwanzo nalo akalifuta, maana kompyuta yake ilikuwa imejaa kama tumbo la mgeni wa sikukuu.

Siku ya kuchukua kazi, Gloria alikuja na mama yake. Mama Evalina aliingia ameshika bega la binti yake, amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani.

"Shikamoo, mayu," Amoni akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Wewe ndiye mwenye deki?"

"Ndiye mimi. Kaa mbele kabisa, leo utaona sinema."

Mama akacheka kidogo. Akakaa kwenye kiti alichosogezewa, akaweka mikono mapajani. Uso wake ulielekea dirishani badala ya kwenye tivii. Amoni akadhani ni aibu ya wazee.

Kwaya ikaanza. Gloria wa kwenye kioo akatokea na shela lake, maua yakamwagika.

"Jamani, nilikuwa mwembamba hivi?" akasema Gloria wa kwenye benchi.

"Ulikuwa, dada. Sangara walikuwa hawajakugundua."

Mama akausikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu aliyefika ibadani mapema. Wa pili ulipoanza akainua mkono.

"Nyimbo nzuri. Sasa zima, nimsikie mwanangu Magese."

Amoni akaona ni utani, naye utani hakuuacha upite bure. "Si huyo hapo mbele yako, mayu, anarusha mikono kama anafukuza nyuki? Au unataka akushike sikio ndipo umwone?"

Hakuna aliyecheka. Kwaya ikaendelea kuimba peke yake.

"Mama haoni, Amoni," Gloria akasema taratibu. "Presha ya macho. Muda mrefu sasa."

Mama Evalina hakukasirika. Alieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Magese alizama ziwani. Wenzake walirudi, yeye hakurudi, wala mwili haukupatikana. Simu za Lamadi enzi zile zilikuwa za kupiga tu, hakuna aliyekuwa na sauti yake mahali popote isipokuwa kwenye mkanda huu.

"Baba yao alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Magese ndiye aliyesimama kumtoa dada yake," alisema. "Akanishukuru mbele ya watu. Alisema maneno mengi. Mimi nilikuwa nakimbizana na masufuria, niliyasikia nusu. Nikajiambia, si yapo kwenye mkanda, nitayasikia nikitulia. Sasa nimetulia, ng'wanone. Zima hiyo kwaya."

Amoni alikuwa na jibu la kila kitu tangu darasa la pili. Akajikuta anabonyeza rimoti, kitufe hiki na kile, huku akijua hakuna kitufe cha kazi hiyo.

"Mtambo umepata moto kidogo, mayu," akasema. "Ngoja upoe."

Akamvuta Gloria nje, nyuma ya studio.

"Sauti haipo, dada. Niliifuta yote."

"Si uitoe tena kwenye mkanda?"

"Ulisema nitupe."

"Ukatupa?"

"Nilimpa mzee Maige wa Kasoli. Yeye huvuta utepe wa ndani na kuufunga kwenye miti juu ya majaruba yake. Upepo ukipiga unavuma na kung'aa, ndege wanaogopa kutua kwenye mpunga."

Gloria akatazama chini, akasugua mchanga kwa kandambili. "Kwa hiyo ndugu yangu anafukuza ndege."

"Dada Gloria, nisamehe."

"Mimi ndiye niliyesema ipendeze. Nilikuwa naliwaza shela langu." Kisha akasogea karibu, sauti ikashuka. "Wanasema wewe unaigiza sauti za watu. Magese umemsikia. Na mama haoni."

"Hapana, dada."

"Kidogo tu. Amshukuru, basi. Mama ana miaka mingi, anachotaka ni hicho tu. Maneno nitakupa mimi."

Amoni akafumba macho, akaitafuta sauti ile: nzito chini, ikifika mwisho wa sentensi inapanda kama mtu anayeuliza. Akafungua mdomo.

"Ndugu zangu wa Mwanza, huyu mama mnayemwona hapa..."

Gloria akamkamata mkono, kucha zikazama kwenye ngozi. Sauti ilikuwa imetoka yenyewe kabisa, na hilo ndilo lililowatisha wote wawili.

"Acha," Gloria akasema. "Usiiseme tena."

Kutoka ndani mama akaita, "Nani huyo anaongea hapo?"

"Mteja, mayu," Amoni akajibu kwa sauti yake mwenyewe, nayo ilimtoka nyembamba kama ya mtoto.

Wakamwambia kazi itakuwa tayari kesho. Mama akasema sawa, atalala hapo hapo mjini kwa shangazi yake Gloria, kwa sababu Lamadi harudi bila sauti.

Amoni akakodi bodaboda mpaka Kasoli. Mzee Maige alikuwa amesimama kwenye tuta na kombeo lake, mpunga umekomaa, na juu yake tepe nyeusi zimevutwa huku na huku zikivuma kama mzinga wa nyuki.

"Mwadila, mzee."

"Mwadila. Umeniletea nyingine?"

"Nimekuja kuomba ile ya mwisho niliyokupa."

Mzee akamtazama kama mtu aliyeombwa suruali aliyovaa. "Wiki ya kuvuna hii? Nenda kwanza ukaongee na ndege, wakikubali urudi kwangu."

Amoni akaeleza. Alianza kwa kuzungushazungusha, akaona mzee anazidi kukunja uso, basi akasema yote kama yalivyo: mtoto aliyezama, mama asiyeona, kwaya. Mzee Maige akasikiliza huku akizungusha kombeo tupu mkononi.

"Hata mwili haukuonekana?"

"Haukuonekana."

"Eee." Mzee akaonyesha kwa kidevu. "Niliufunga kule chini karibu na mto. Vipande vingine ng'ombe wamevikanyaga, vingine vilienda na maji. Kilichobaki chukua. Lakini mpaka jua lizame ndege utawafukuza wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Amoni alikusanya utepe, akauviringisha kwenye gunzi la hindi ili usijikunje, kisha akasimama kwenye tope akipiga kelele. Alifukuza ndege kwa sauti ya kondakta wa stendi, ya mchungaji, ya mwalimu wake wa hesabu. Kwa sauti zote alizozijua isipokuwa moja.

Asubuhi aliosha vipande kwa pamba na spiriti, akaviunga kwa gundi ya karatasi, akavizungushia ndani ya ganda la mkanda mwingine. Alichokiona hakikumpa moyo. Sauti ya mkanda hukaa ukingoni kabisa, kwenye mstari mwembamba, na ukingo ndio ulioliwa na miti na upepo. Aidha, utepe mchafu namna ile ni sumu kwa deki. Angeuleta mtu mwingine, Amoni angemfukuza dukani na matusi juu.

Mama Evalina na Gloria wakafika, mama na viatu vyake vile vile vya kanisani. Amoni hakungoja akae.

"Mayu, jana nilikudanganya kuhusu mtambo. Sauti niliifuta mimi. Mkanda ulikuwa shambani unatisha ndege. Nimeokota vipande, sijui kama kuna kitu."

"Na yule mteja wa jana?"

"Nilikuwa mimi."

"Nilijua ni mtu tu. Lakini moyo ulinienda mbio, nikasimama nimfuate." Akapapasa kiti, akakaa. "Usimfanyie hivyo mtu mwingine. Haya, weka."

Amoni akaunganisha deki na kompyuta ili chochote kitakachotoka kinaswe, akausukuma mkanda ndani. Tivii ikajaa chenga tupu. Spika zikatoa mlio kama mafuta yanayokaangia samaki, ukaendelea, ukaendelea. Mara kipande cha ngoma. Mara watu wanacheka, hakijulikani wanacheka nini. Mara neno moja, "wakwe," likakatika. Gloria alikuwa ameinama, mikono kichwani. Amoni alihesabu kwa macho utepe uliobaki kwenye gurudumu, akauona unaisha, akajua sehemu ya shukrani imelala chini ya kwato za ng'ombe wa Kasoli.

Kisha ikatoka, wazi, kama mtu aliyesimama mlangoni:

"Mayu, sogea basi kidogo. Unatuzibia bibi harusi."

Watu wakacheka kwenye mkanda. Hapo hapo utepe ukakatika, deki ikasaga meno, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani. Amoni akachomoa waya. Deki ile haingemeza tena mkanda wa mtu.

"Kuna nyingine?" Gloria akauliza.

"Ni hiyo tu, dada. Ile ya shukrani haipo."

Mama Evalina alikuwa ameshasimama. Alishika kiti kwa mkono mmoja, akakivuta pembeni, kikakwaruza sakafu. Akakaa tena, akakusanya kitenge chake magotini kisisumbue njia.

"Sasa mnamwona?"

Gloria akatazama tivii. Ilikuwa nyeusi.

"Tunamwona, mayu," akasema.

"Haya," mama akasema. "Irudie hapo aliponisema."

Amoni akaifungua kwenye kompyuta, akaipiga kama ilivyo, na mikwaruzo yake yote. Mama akasogea tena.